Tundu la Saba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko uliko? Na lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi, limetulia? Sisi huku tunalala na tunaamka. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na kaka yako bado yuko barabarani na lori lake, wiki moja yupo, wiki tatu hayupo. Mama ni mzima. Naliandika hilo mapema, na naomba ulishike vizuri unapoendelea kusoma, maana nina jambo la kukueleza, na nataka ulisikie kinywani mwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Jiko letu limekwisha. Ungeingia leo ungedhani umekosea nyumba. Ule ukuta mweusi wa moshi haupo tena. Kuna vigae vyeupe, kuna sinki la maana, na dirisha pana la kioo pale palipokuwa na lile la mbao tulilokuwa tukilifunga kwa kamba. Kazi ya siku kumi imechukua wiki saba, maana fundi wetu ni yule tunayemwita Fundi Kesho, na jina hilo hakulipata bure.

Unayakumbuka matundu sita yaliyokuwa juu ya ukuta, karibu na dari, yale aliyoyaacha marehemu baba alipojenga? Matatu upande wa mashariki, matatu upande wa uani. Mimi niliyaona kama mapengo ya meno. Yalijaa masizi na utando wa buibui, na vumbi lake lilikuwa likishuka hadi kwenye sufuria. Nilitaka vigae vifike mpaka juu, ukuta uwe mmoja.

Fundi Kesho alikataa. "Dada, jiko lisilo na tundu ni sufuria iliyofunikwa. Tuyasafishe, tuyawekee wavu, yatapendeza." Nikamwambia dirisha langu linapitisha ng'ombe, sembuse moshi. Akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akichagua maharage. Mama akasema tu, "Jiko ni lake sasa. Mfuate yeye." Yakazibwa kwa saruji siku ile ile.

Wifi, nimeishi na mama miaka kumi na mmoja, na kuna jambo sikulijua. Asubuhi jua lilikuwa likipita katika matundu ya mashariki na kuangusha vipande vitatu vya mwanga kwenye ukuta wa pili. Vilishuka taratibu, jua lilivyopanda. Vikigusa rafu ya chumvi, mama alibandika chai. Vikifika sakafuni, alijua watoto wameshaingia darasani. Macho yake, kama unavyojua, hayaoni tena mishale ya saa. Baada ya kuziba nikawa namkuta asubuhi amesimama katikati ya jiko jipya, kiganja juu ya vigae, kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Nikimuuliza, ananijibu, "Natazama tu." Nami naendelea kupiga deki.

Ikaja wiki ya mvua. Jumanne gesi ilituishia, nikatoka kutafuta mtungi. Mvua ilipoanza kuingia dirishani, mama akafunga kioo, akafunga na mlango, akaliwasha jiko la mkaa humo ndani ili watoto wakirudi wakute maharage yameiva.

Nilirudi nimelowa chapachapa. Nyumba ilikuwa kimya. Nilipofungua mlango wa jikoni, joto zito lilinipiga usoni. Mama alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea vigae vyangu vyeupe, anatabasamu. Nilimwita mara tatu. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimbeba mgongoni kama mtoto hadi uani, mvua ikitunyeshea sote wawili, nikipiga kelele. Jirani yetu muuguzi alikuja mbio bila viatu. Njia nzima ya hospitali alimshika mama kidevu akirudia, "Usilale, bibi, usilale."

Daktari alisema ni sumu ya mkaa, na kwamba kwa nusu saa zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine. Mama aliwekewa hewa ya mtungi siku mbili. Alipofumbua macho sawasawa aliniuliza, "Mbona umeniamsha? Nilikuwa nimekaa na baba yenu. Jikoni kote mwanga, ananiambia nijisogeze na yeye apate pa kukaa."

Nililia, wifi. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakunikataza. Akasema, "Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu hakuniruhusu kuhamisha hata kopo la chumvi. Nilipika miaka mingi kama mgeni. Nikajiapia kwamba mke wa mwanangu sitamfanyia hivyo."

Kaka yako nilimweleza kwa simu. Alisimamisha lori, nikasikia injini ikizimika. Kisha akasema, "Yafungue," akakata.

Fundi alikuja siku mama alipotoka hospitali, na hakunisuta hata kwa neno moja, jambo lililoniuma zaidi. Akavunja vigae, akatoboa. Saruji ya mwisho ilipoanguka, pazia la dirisha lilijaa upepo, likapumua. Mama alikuwa ameketi, uso ameuinua. Mwanga ukaanza kushuka juu ya vigae, vikaurudisha darini, jiko lote likawa linatetemeka kama tumo ndani ya maji. Hata fundi alishusha nyundo yake.

Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii, "Mama, na wewe unataka nini humu jikoni?"

Akaonyesha ukuta unaopakana na chumba chake. "Toboeni moja pale."

"Bibi, hilo halitaleta hewa," fundi akasema.

"Si la hewa, mwanangu. Nikijilaza mchana nawasikia mnacheka, ila sisikii mnachekea nini."

Limetobolewa. Sasa napika, na sauti inatoka ukutani: "Kitunguu hicho kinaungua!" Watoto wanamsimulia mambo ya shule wakiwa wamepanda juu ya kiti, midomo imeelekezwa tunduni. Daktari amemtaka apumzike sana, naye anapumzika, lakini hayuko mbali nasi.

Basi mwandikie, wifi. Barua yako ikifika nitasimama chini ya tundu lile nimsomee yote. Na kama una hasira nami, una haki. Iandike humo humo. Nayo nitaisoma kwa sauti, sitaruka neno.

Wanao wanakuamkia, shangazi yao. Kaka yako atakupigia akirudi. Jirani muuguzi naye anakusalimu. Mola akulinde ugenini, akutunzie afya, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi, wifi yako nikupendaye.