Nimeinua Gari, Sasa Mama Mkwe Hawezi Kupanda

Kwako Mama Ndunge wa ukurasa wa ushauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaniamulia, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza tena, mke wangu ananijibu neno moja moja, na shida yenyewe imetokana na mama yake, ambaye mimi nilikuwa namtakia mema.

Mimi ni fundi wa sola hapa Kitui mjini, nina mke na watoto wawili, mkubwa akiitwa Mwende, mke wangu Kalekye ni mwalimu, na mwaka jana tulichukua gari la umeme, lile la familia la umbo la kati, si gari dogo na si gari la porini, lilinunuliwa kwa mkopo wa ushirika wa Kalekye lakini mimi ndiye ninayeliendesha na mimi ndiye ninayejua mambo ya umeme, na kusudi kubwa lilikuwa huyo mama, ambaye figo zake zimechoka na anasafishwa damu hapa mjini kila Jumanne na Ijumaa, na kwao ni upande wa Zombe, ndani kidogo ukitoka barabara kubwa, na kwa vile siku hizo Kalekye yuko darasani, kazi ya kumleta na kumrudisha ni yangu.

Sasa wewe ni mtu wa huku na unajua nthoni, ile heshima yetu Wakamba kati ya mwanamume na mama mkwe wake, hatushikani mikono, hatuangaliani usoni, hatuli meza moja, na sisi ingawa tumeokoka wote hatujaiacha, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu, nafika, nasimama karibu na mlango wake, naangalia mbele, yeye anafungua mlango wa nyuma mwenyewe, anaketi kwanza, kisha anavuta miguu ndani mmoja mmoja, nami kile kioo cha ndani nimeshakigeuza tangu nyumbani kisinionyeshe uso wake, na miezi minane tumesafiri hivyo bila shida yoyote, na hata alimwambia Kalekye kwamba hili ndilo gari la kwanza ambalo halimpigii kelele kichwani akitoka kwa mashine.

Shida ilianza na Kahiga. Huyu ni jirani yangu sokoni, anauza vipuri, ana pikapu ya dizeli ambayo akiiwasha mtaa mzima unajua, na kila nikiegesha pale lazima aulize mbele ya watu, "Musembi, hii ni gari ama ni pasi? Mbona imelala chini hivi, unanyoosha lami?" na watu wanacheka, na siku moja akasema gari langu ni la kupeleka watoto nasari, na niliumia sana, sitakuficha.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja kule Emali anayeinua magari ya watu wa porini, akaniambia hata la umeme linainuka, akaweka springi ndefu, akafunga tairi za meno makubwa, zile za matope, na rimu nyeusi, akakata plastiki ya fenda kidogo ili tairi zisikwaruze nikikata kona, na kwa jumla gari likapanda inchi nne na zaidi, na Mama Ndunge, lilipotoka pale lilikuwa gari kweli, nililirudisha kwa kupitia sokoni ingawa si njia yangu, na Kahiga akasimama mlangoni kwake akaliangalia mpaka nikapinda kona. Na nilifanya hivyo kwa ajili ya mama, kwa sababu kuna mto wa mchanga kabla ya kufika kwao.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita nilifika, mama akafungua mlango akaona kiti kiko juu ya kiuno chake, akajaribu mara mbili akashindwa, nami nilikuwa nimebeba kreti ya soda ya kukanyagia, nikaiweka, akapanda juu yake, upande mmoja ukazama mchangani, akaanza kuanguka, na mikono yangu ikaenda yenyewe, nikamdaka kiunoni, mbele ya kina mama waliokuwa wakiteka maji pale tangini. Alijifunika leso kichwa kizima mpaka Kitui. Ijumaa nilipofika alikuwa amejifungia ndani, akasema kupitia mlango, "Mwambie Kalekye leo siendi," hivyo siku hiyo hakusafishwa, na leo Jumanne amekuja kwa boda boda, akafika amechelewa, akawekwa masaa mawili badala ya manne, na miguu imejaa maji. Tena chaji nayo imepungua, mwanzo ilinitosha kumleta na kumrudisha na ikabaki, sasa lazima nizime kiyoyozi na niende polepole, lakini hilo nitalizoea.

Kalekye anasema, "Baba Mwende, umemnunulia mama yangu shida na pesa yangu. Shusha hiyo gari." Springi na tairi za zamani ziko stoo, lakini nikilishusha Kahiga atasema nini, na nimeshaandikisha jina kwa safari ya wenye magari makubwa ya kwenda Tseikuru mwezi ujao. Ninachoomba ni unisaidie maneno ya kumshawishi mama mkwe kwamba dunia imebadilika na mtu aliyeokoka hana haja ya nthoni, akubali niwe nikimpandisha kwa mikono, na kama kuna aya ya Biblia inayofaa, niandikie.

Mkwe Aliyechoka,
Kitui

MAMA NDUNGE ANAJIBU

Wewe uliyechoka, pole. Kuna mtu amechoka kuliko wewe na yuko Zombe na miguu iliyojaa maji, lakini tutafika huko.

Nimekusikiliza hadi mwisho kama ulivyoomba, na huko mwisho ndiko ulikoniudhi zaidi. Barua zangu husubiri zamu. Yako imeingia Jumanne jioni na nimemwomba mhariri airushe mbele ya wote, si kwa sababu ni tamu kusoma. Umenieleza springi, umenieleza rimu na rangi yake, umenieleza hadi plastiki ya fenda ilivyokatwa. Halafu katikati ya kreti na chaji ukanitupia, kama mtu anayetaja mvua, kwamba mama aliyechoka figo amekosa kusafishwa damu siku moja na siku nyingine amepata nusu. Hiyo ndiyo barua yako, Bwana Musembi. Hayo mengine yote ni mapambo.

Ati ulifanya kwa ajili ya mama. Nani alikutuma? Miezi minane ulivuka huo mto wa mchanga na tairi za kawaida, na ni wewe uliyeandika "bila shida yoyote", mimi sijakuongezea. Gari lilipotoka Emali, kama lilikuwa la mama, ungelipeleka Zombe akalione kwanza. Ulilipeleka sokoni. Ulizunguka njia isiyo yako ili muuza vipuri mmoja alione, naye akaliangalia, na kwa hilo umeridhika mpaka leo. Mwanamume mwenye mke na watoto wawili kupimwa urefu na Kahiga ni jambo la kuhuzunisha.

Na hebu nikuulize wewe fundi wa sola. Mteja akikuletea mashine ya kusaga uifunge kwenye paneli yako ya taa mbili, si unamcheka? Umeweka tairi nzito zenye meno kwenye gari la betri, umelisimamisha juu likapambane na upepo, halafu unashangaa chaji inakwenda wapi. Inakwenda kwenye hizo tairi. Hata mimi ninayechaji simu tu naelewa. Kiti cha gari lile kilikuwa kimo cha kiti cha jikoni, mgonjwa anaketi bila kuombwa. Lilikuwa kimya kabla ya meno ya tairi hizo kunguruma, na mama alikisifu hicho kimya kwa mdomo wake. Lilikwenda na kurudi. Vitu vitatu ambavyo mgonjwa huyo alivihitaji, na wewe umemlipa fundi avitoe vyote vitatu kwa siku moja. Hata mtu aliyekusudia ubaya angesahau kimoja.

Kuhusu safari ya Tseikuru, futa jina lako. Kwa chaji uliyonieleza utafika huko ukiwa umefunga vioo na kupumua kwa zamu, na utarudi juu ya lori, katikati ya mbuzi, gari lako likiwa limefungwa kamba. Wenye magari makubwa watapiga picha.

Sasa tuje kwa nthoni, maana hapo ndipo nilipoweka miwani chini. Uliandika kwamba hukigeuza kioo ukiwa bado nyumbani kwako ili usimwone uso. Nimesoma hapo mara mbili. Hakuna aliyekuamuru, hakuna aliyekuona, na kwa miezi minane mama mmoja mgonjwa amesafiri nyuma yako kwa amani kwa sababu ya mkono wako kwenye kile kioo. Kumbe wewe si mtu mbaya, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Mtu mbaya ningemjibu kwa mistari miwili.

Heshima hiyo umeishika vizuri siku zote ilipokuwa haikugharimu kitu. Ilipogongana na rimu, ghafla dunia imebadilika na umeokoka zaidi. Hapana. Usinitafutie aya. Biblia yako unayo, na hutapata humo mahali mgonjwa alipoambiwa ajirekebishe ili gari la mkwe wake libaki juu. Kuna familia nyingi hapa kwetu zimeacha nthoni, na wamefanya hivyo kwa kukaa chini na kukubaliana, na sina ugomvi nao. Lakini anayeamua kuiacha ni mama, akitaka, kwa wakati wake. Huwezi kumpandisha kwenye kreti mchangani na kumwambia achague kati ya kuanguka na kushikwa kiuno na mume wa binti yake.

Kumdaka ulifanya vyema. Nasema hivyo bila kusita, na usiombe msamaha kwa hilo hata siku moja, mtu yeyote mwenye damu angemdaka. Uombe msamaha kwa kreti. Maana kwake yeye wale kina mama wa tangini ndio majirani zake, ndio anaoomba nao, na tangu siku ile kila akienda kuteka maji anajua wameona nini. Ameweka mizani yake mwenyewe mle ndani ya nyumba, aibu upande huu na mashine upande ule, na akachagua kubaki. Ijumaa ile hakukataa gari, Musembi. Alikuwa amekubali kufa kwa heshima yake, na wewe nje unahesabu chaji.

Nakwambia la kufanya, na sikuulizi kama unapenda.

Leo, kabla ya chai, mpigie mkeo aongee na wahudumu pale mama anaposafishiwa damu. Awaambie alikosa siku moja na Jumanne alipata nusu na miguu imejaa. Wao ndio wataamua kama anaweza kungoja kesho au aletwe leo hii. Akianza kuhema au kushindwa kulala chali, hakuna cha kungoja, aletwe saa hiyo hiyo. Boda boda isihusike tena.

Wakisema leo, kodisha teksi ya chini, zimejaa stendi ya Kitui, na ndani yake aende mwanamke, shangazi yake Kalekye au jirani anayemwamini, wa kumshika mkono. Wewe usiende. Una kazi nyingine.

Kazi yako ni kufungua stoo. Toa springi za zamani, toa tairi za zamani, upeleke gari gereji yoyote ya maana hapo mjini, na usiende Emali kwa yule, huyo atakuuzia ngazi. Usikubali kubadilisha tairi tu ukabakisha springi, ati umekutana na Kalekye katikati. Kalekye hakukuomba nusu. Likishuka, keti wewe mwenyewe kiti cha nyuma, mlango wazi, uone kama miguu yako inafika chini. Likikuchosha wewe litamchosha yeye.

Kisha mpelekee mama ujumbe. Usiupeleke kwa mdomo wako, unajua taratibu, upitie kwa Kalekye, na uwe mfupi: gari limeshuka, na kreti imerudishwa dukani. Usimweleze kuhusu barabara, wala mto wa mchanga, wala dunia ilivyobadilika. Kesho asubuhi ufike mlangoni kwake uangalie mbele kama zamani, na asipotoka mara moja, ungoje. Huna haki ya kupiga honi.

Umeniuliza Kahiga atasema nini. Atasema, bila shaka. Atakuita pasi, atakuita nasari, na watu watacheka wiki moja mpaka apatikane mwingine wa kuchekwa. Lakini Kalekye akimzika mama yake kwa sababu ya tairi, hatakucheka na hatakugombeza. Atakupikia, atakufulia, atakaa kando yako kanisani miaka thelathini, na hatalitaja jambo hilo hata mara moja.

Gazeti hili linauzwa Alhamisi, na Ijumaa ni kesho. Gereji zinafunguliwa saa mbili.