Kipaza Sauti cha Mama

Jumanne, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia kwa kuwa sisi waandishi wa kumbukumbu za Bunge haturuhusiwi kuonekana tukiongea na wabunge wakati wa vikao, hata mbunge akiwa ndiye aliyetuzaa.

Hotuba yako ya jana niliinukuu mimi. Uliposema, "Tukipitisha muswada huu, mchunguzi wa rushwa atakuwa anapiga hodi kwa mwizi kuomba ruhusa ya kumkamata," machozi yalinitoka. Lakini ulikaa bila kuzima kipaza sauti. Spika akauliza wanaoafiki muswada uendelee. Ukumbi ukanguruma, na ndani ya hedifoni zangu, karibu kabisa, sauti yako ikasema, "Ndiyo."

Nimerudia kusikiliza mpaka sikio linauma. Ni wewe. Au ulikuwa unamtania jirani yako? Kumbukumbu zitasema tu kwamba hoja iliafikiwa, bila majina. Kura ya mwisho ni Alhamisi. Mama, nakuomba useme siyo.

Mwanao


Jumatano, 5 Machi

Bi Kimya wangu,

Marahaba. Kifua afadhali, ile dawa chungu imesaidia. Wewe kula, umekonda kama waya wa simu! Jimboni wanaisifu hotuba. Shangazi yako anasema hata kinyozi wao anaikariri huku akinyoa watu vibaya.

Kila neno lilitoka moyoni, nakuapia. Mengine ni mambo ya chama, hayaandikiki. Kuhusu kipaza sauti, ahsante kwa kuniambia. Kesho nitakuwa makini.

Mama yako


Ijumaa, 7 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Huwa tunaandika kwa zamu fupi fupi. Jana nilimsihi mwenzangu tubadilishane ili dakika za kura ziwe zangu. Nilikusikia ukikohoa. Kisha nikasikia kidole chako kikibonyeza swichi kuzima kipaza sauti.

Spika akauliza wanaoafiki, ukumbi ukanguruma. Akauliza wasioafiki, wakajibu wachache, kwa mbali, kama watu walio chumba cha ndani. Nilikutafuta kote kote, Mama. Sikukupata.

Sheria imepita. Nusu yangu inasema ulikuwa miongoni mwa wale wachache. Nusu nyingine inanicheka.

Leo asubuhi shangazi kanipigia. "Mama yako ni shujaa, au siyo?" Alikuwa na furaha sana.

Nikamjibu, "Ndiyo."

Mwanao