Kumhamisha Binsar

Jumatatu, 1 Julai 2019

Ukungu tangu alfajiri. Ziwa halionekani. Wa ofisi ya wilaya wamepandisha bendera kama kila Jumatatu, kipaza sauti kikafika mpaka jikoni kwetu — tunawasikia hata wakikohoa! Wao hawatusikii.

Mteja mpya leo kibandani pangu, kijana wa idara ya maji. Akinywa kahawa akaniuliza natoka kijiji gani. Lumban Sanggapati, nikamwambia. Akasema hajapata kukisikia. Nikamwonyesha kwa kidole: yale mapaa nyuma ya maegesho yenu. Akacheka. Alidhani ni mabanda ya kuku ya serikali.

Nikacheka naye. Ningefanyaje, mteja.

Jioni kaka Sahala kapita na sare yake, naye ni wa ofisi hiyo hiyo. Hakukaa. Barabara mpya ya kwenda kwa mkuu wa wilaya itapita juu ya makaburi yetu. Si kando, kama tulivyoahidiwa. Juu! Tuhamishe wafu wetu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, siku hiyo tingatinga linaingia.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Na Binsar?"

"Wote, Mama."

"Nimeuliza Binsar."

Sahala akatazama viatu vyake. Akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano, 3 Julai

Mama hali. Hasemi. Kafua shuka nyeupe, kaianika, kaianua, kaifua tena.

Binsar alikuwa kitinda mimba wetu. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Nikijaribu kuukumbuka uso wake, unakuja wa mtoto wa Sahala.

Ijumaa, 5 Julai

Mjomba Marolop kaja kwa boti kutoka ng'ambo. Kaburi la mtoto halifunguliwi kabla ya ndugu wa kiume wa mama yake kupiga jembe la kwanza. Ndiyo mila. Kaja na jogoo kwapani na mdomo wake ule ule.

Sahala alipoingia tu, Mjomba akasimama akainama. "Mheshimiwa! Karibu! Miaka yote tunaomba bomba la maji, nyie mmetuletea lami. Sasa tutakunywa lami!"

"Mimi pale nabeba mafaili tu, Mjomba. Nani ananiuliza?"

"Basi mbebe na mdogo wako. Naye ni faili."

Hata Mjomba mwenyewe aliona amekanyaga kidonda. Akamvuta Sahala bega, akamtilia wali na samaki, akamchagulia pande la mgongoni.

Shughuli kama hii watu huiandaa miaka. Ngoma, nguruwe mkubwa, ndugu wote mpaka wa Medan na Jakarta. Sisi tuna siku chache na jogoo wa Mjomba. Mama amesema leo, mara ya kwanza tangu Jumatatu: tunamhamisha baba yenu kama gunia la viazi.

Jumapili, 7 Julai

Sijui niandike vipi.

Tulikuwa tunatoka kanisani, mimi na Mama. Tukapita pale kwenye geti la ofisi ya wilaya, penye kibanda cha mlinzi. Mama akasimama. Nikadhani miguu imemuuma.

"Hapa," akasema.

"Hapa nini, Mama?"

"Hapa ndipo alipokufa."

Zamani hizo hapakuwa na ofisi. Msitu wa misonobari na njia ya matope. Alikuwa amembeba Binsar mgongoni, amemfunga kwa ulos, kitambaa cha kufumwa alichopewa na wazazi wake mimba ilipokuwa kubwa. Wanampeleka hospitali ya mjini, kwa miguu, mvua inanyesha. Baba nyuma yake. Akausikia mkono wa mtoto unamteleza shingoni.

"Nikajua. Baba yako akawa ananihimiza, haraka, haraka. Nami nikaharakisha. Nilisema moyoni, nisiposimama haitakuwa kweli."

Hakumwambia Baba. Alitembea naye hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa daktari. Baba kafa hajui kwamba sehemu yote ile ya njia alikuwa akimhimiza maiti.

Mlinzi akatoka kibandani. Akatuuliza tuna miadi na nani.

Jumapili!

Nikamwambia tunapumzika tu. Akasema hapa si mahali pa kupumzika, lakini kwa adabu, akamwita Mama bibi. Tukaendelea na njia. Mama alinishika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo hajalifanya tangu nivunje ungo.

Alhamisi, 11 Julai

Mvua. Majembe yamelazwa barazani. Mjomba anatazama mawingu na kutukana.

Ijumaa, 12 Julai

Tumemtoa Baba. Mifupa mizima, kila mmoja mahali pake. Tumemwosha kwa maji ya ndimu na manjano. Mama akakiweka kichwa mapajani, akakifuta taratibu kwa pembe ya kitenge chake.

"Umekonda, mzee wangu."

Tukacheka wote, hata Sahala. Kisha Mama akainama, akasema naye sikioni, yaani pale palipokuwa sikio. Alisema muda mrefu. Mimi najua alichomwambia. Wengine walidhani ni sala.

Binsar kesho. Asubuhi na mapema, kabla ya tingatinga.

Jumamosi, 13 Julai

Mjomba alipiga jembe la kwanza, akaita jina la Binsar. Tukachimba. Udongo mweusi, mizizi ya magugu. Tukachimba zaidi. Kipande cha ubao kilichooza, basi. Zaidi. Udongo wa njano ambao haujawahi kuguswa na mtu.

Hakuna kitu.

Mjomba akatoka shimoni, akajifuta mikono muda mrefu. Akasema kwa upole — sikujua ana upole ule — mifupa ya watoto ni laini, dada, ardhi huimeza. Mila inalijua hilo. Tunachukua bonge la udongo wa hapo, tunalifunga katika shuka, ndiye huyo.

"Udongo ninao shambani," Mama akasema. "Hapa nimemfuata mwanangu."

Akashuka shimoni. Hakuna aliyethubutu kumshika. Akapiga magoti, akaanza kuupekua kwa vidole, chembe kwa chembe.

Tingatinga lilikuwa limeshafika. Dereva akazima, akavua kofia. Lakini msimamizi akamwita Sahala pembeni, wote tulisikia: wewe ni mtu wetu, mtoe mama yako, mkubwa anakuja kuangalia kazi.

Sahala alisimama. Nilidhani atakwenda kumvuta. Akavua viatu vyake vya ofisini, akavipanga ukingoni, akashuka na sare yake. Akawa anakomba udongo, anamwekea Mama mbele.

Kisha Mama akaniita. "Rotua! Kimbia nyumbani, leta chekecheke. Siyo la mpunga. Lile la unga. Meno ya mtoto ni madogo."

Nimekuja kulichukua. Naandika haraka nimesimama jikoni, nisije nikayasahau maneno yake. Chekecheke ninalo kwapani. Huko makaburini tingatinga limewaka tena, na Mjomba anapiga kelele, na sauti ya Mama siisikii