Mkate wa Boga na Honi ya Munisagara

Jumatatu, 7 Julai
Nimemwagilia matembele. Nimepalilia bamia. Mchicha nimechuma jua halijawa kali, kama alivyotaka marehemu mke wangu. Nimeupika kwa karanga. Chumvi imezidi. Nimekula wote, nani wa kumnunia.

Zuhura kapiga simu kutoka Mikumi. Binti yangu wa pekee, fundi cherehani, sauti ya mama yake kabisa. Anakuja Jumapili. Anaona tangu mama yake afariki mwaka jana siwezi kujipikia, kwa hiyo nihamie kwake. Analeta na begi la kubebea nguo zangu. Mimi hapa Magomeni ya Kilosa sitoki, ng'o. Nikitoka, bustani ya mke wangu italiwa na mbuzi wa watu.

Nikamwambia aje tu, atakuta nimempikia mkate wa boga wa mama yake, aone kama nashindwa. Sijui kilichonituma. Sijapika mkate tangu nizaliwe.

Jumanne, 8 Julai
Maboga yamebaki mawili, lile la uani na lile lililotambaa mpaka kwenye uzio.

Enzi zile nilikuwa kwenye genge la reli, tukitengeneza njia ya treni. Asubuhi nikitoka namwacha Mama Zuhura anaponda boga lililochemshwa. Hamira, tui, iliki, hivyo navijua kwa ulimi. Sufuria juu ya jiko, makaa mengine juu ya mfuniko. Muda tu ndio tabu. Lakini hilo aliniambia mwenyewe: treni ikipiga honi kuingia Kilosa kutoka Munisagara anabandika, ikipiga tena kuondoka kwenda Kimamba anaepua. Mimi nateremka na treni hiyohiyo, narudisha vifaa stoo, natembea. Nikifika mlangoni, iliki inanipokea.

Saa ya ukutani tulikuwa nayo. Yeye akafuata treni. Nilijisikia fahari, mke wa mtu wa reli.

Alhamisi, 10 Julai
Nina hasira na nafsi yangu.

Donge liliumuka vizuri. Honi ikalia upande wa Munisagara, nikabandika. Nikakaa na koleo mkononi kusubiri honi ya kuondoka. Nikasubiri. Harufu ikabadilika, nikajiambia bado, treni haijaondoka. Moshi ukatoka, bado nimekaa.

Kumbe ilikuwa ya mizigo. Mwisho wake hapahapa Kilosa, ilikuwa haiendi kokote. Miaka thelathini na moja relini, nimeshindwa kutambua treni ya mizigo. Mkate mweusi tii. Nimeufukia shimoni chini ya nyanya chungu, majirani wasione.

Jumamosi, 12 Julai
Boga limebaki moja. Nimelichukua, nimelirudisha.

Naogopa. Nikiharibu na hili, begi litajaa nguo.

Ugali na bamia.

Jumapili, 13 Julai
Zuhura kafika saa sita. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, begi kaliweka juu ya kiti changu. Nikampakulia mchicha. Leo chumvi ilikaa. Akala, akaongeza.

Akaulizia mkate. Donge lilikuwa tayari, limeumuka hadi kingo za sufuria. Nikamwambia ukweli: leo hakuna treni, nitajuaje kuepua? Nikamweleza na ule uliofukiwa.

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akachomoa kijiti kwenye ufagio, akakiosha.

"Baba, mama alikuwa anachoma na hiki. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Honi ilikuwa ya kumwambia unarudi, ukute wa moto. Ulipopelekwa kambi ya Kimamba wiki tatu, nililia kuutaka mkate. Alikataa kuupika."

Asiyejua maana haambiwi maana. Kumbe aliniambia kabisa, tena kwa mdomo wake, nami nikasikia habari za treni.

Tukabandika. Zuhura akachoma kijiti mara tatu. Ulipoiva nilikula kipande cha moto, nikalia mbele ya mtoto wangu. Sikuona haya. Miaka yote ile nilikula mkate, nikasifu iliki.

Baadaye Zuhura kazunguka bustani peke yake, muda mrefu. Aliporudi, begi kalitoa kwenye kiti. Nimekaa.

Jumatatu, 14 Julai
Zuhura kaondoka na basi la asubuhi. Begi kalijaza bamia, matembele na nusu ya mkate.

Mbegu za boga nimezianika kwenye ungo. Mpaka ziote na kuzaa, boga nitanunua sokoni.

Kijiti nimekichomeka ukutani, karibu na jiko. Mwezi ujao anakuja tena. Nimemwambia akikaribia Kilosa apige simu. Akauliza ya nini, njia anaijua.

Nikamwambia we piga tu.