Picha za kichwa ya Arielle ziko kwa kuku

Mama Christiane wa redio,

Minye ni Kambo Émérence wa Kikula, huku Likasi, nakuandikia na mukono yangu, naomba msaada, lakini usinijibu na "pole, pole", juu pole ya majirani imejaa nyumba mpaka pa kukaa hapana, na usiniambie nisali, kusali nilijua mbele weye uzaliwe.

Mjukuu yangu Arielle, minye ndiye Kambo yake, bibi yake, ni minye nilimulea tangu mama yake alipokufa, iko na miaka kenda, kasichana kenye kunijibu-jibu kama mukubwa. Mwaka jana kichwa ikaanza kumuuma kila asubuhi, anatapika, anatembea anajigonga pa mlango, nikasema ni malaria, nikasema ni minyoo, mpaka baba yake Ghislain, mutoto yangu, akamupeleka Lubumbashi, wakapiga picha, wakaona uvimbe ndani ya bongo, wakamupasua, wakatoa sehemu, ingine ikabakia juu iko karibu na njia ya macho. Sasa munganga anasema lazima mionzi, na juu ni mutoto, bongo yake ingali inakomaa, kuko aina ya mionzi inaitwa protoni, kwetu haiko, pengine inaweza kuchunga vizuri zaidi ile sehemu nzima ya bongo, lakini yeye hawezi kukata shauri peke yake, lazima bingwa wa inje aangalie zile picha aseme kama inamufaa. Na alisema tusikawie.

Mionzi! Mama, minye natoka Likasi, sitoki mwezini. Bwana yangu Adrien alichimba pa Shinkolobwe, kwenye jiwe ya uranium, alirudia na vumbi pa nguo, nilizifua na hii mikono yangu, alikufa akikohoa, na hakuna muntu alitupimia kama ilikuwa ile vumbi ao kintu ingine. Huku kwetu hata mutoto mwenye hajasoma anajua: jiwe ya kule hailali ndani ya nyumba. Basi niliposikia zile picha zilitoka kwa mashine ya mionzi, nikazitoa chini ya kitanda ya mutoto, na ile CD yao, nikazifunga ndani ya bati, nikaziweka ndani ya nyumba ya kuku.

Ghislain anataka kuzituma kwa bingwa. Nikamuambia, "Bado." Akaniuliza, "Mama, unataka nini?" Nikamuambia, "Nataka unyamaze." Ananiheshimu, ananyamaza, anaenda kulia inje akifikiri simuoni. Na Arielle juzi akaniambia, "Kambo, sasa kuku watakuwa na akili, wanalala na kichwa yangu." Tukacheka, tukacheka, kisha kichwa ikamukamata, nikaacha kucheka.

Tena niko na haya. Ule munganga alimuokoa mutoto, leo tumupite tuende kwa mwingine, si ni kumutukana? Nikitoa zile picha, si ni minye nitakuwa nimepeleka Arielle kule kwenye babu yake alimalizikia? Jibu na Swahili, Kifaransa ya kuvaa koti sitaki.

Kambo Émérence

*

Kambo Émérence,

Umenikataza pole, basi sikupi. Weye ni mukubwa wangu, utanisamehe, leo nakugombeza.

Woga yako si ujinga. Ile jiwe ni mbaya kweli: inatoa mionzi muchana na usiku, haichagui mwenye kuchimba wala mwenye kufua nguo. Mionzi ya munganga inatoka kwa mashine. Wanaipima, wanaielekeza pa uvimbe, kisha wanaizima. Na protoni, wale wenye kuisomea wananieleza, inaweza kusimama pale pa uvimbe, nyuma yake haiendelei sana. Sisemi haina hatari. Ndiyo maana kunatafutwa bingwa. Lakini uvimbe haungoji weye umalize kuogopa.

Na picha, Kambo! Picha ya moto haiunguzi nyumba. Ndani yake hakuna kintu cha kutoka kiumize mutoto. Kuku wako wako salama kabisa. Picha ndizo ziko hatarini, juu ya mavi ya kuku na hii mvua yenye inaingia kila mahali.

Unasema kuuliza mwingine ni kumutukana munganga. Lakini si ni yeye aliwatuma? Muntu akikuonyesha njia, ukikaa pale pale, hapo ndipo unamutukana.

Pangusa picha na ile CD, umupe Ghislain. Aende kwa munganga aombe ripoti ya upasuaji, na majibu ya kile kipande walichotoa wakakipima, juu bingwa hatasema kitu kwa kuangalia picha peke yake. Munganga mwenyewe azitume. Jibu likirudi, muulize: kwa huyu mutoto protoni inashinda mionzi ya kawaida, ao ile ya kawaida inatosha? Kungoja safari hakutamuumiza zaidi? Macho yake, masomo yake, kukomaa kwake, vitakuwa namna gani? Bingwa akisema protoni haimufai, usiseme mumeshindwa. Mutakuwa mumejua njia. Na muntu yeyote atakayekuahidi protoni kwa telefone mbele ya kuona hata picha moja, mufungie mlango pa pua.

Pale pa kuuliza, uende weye mwenyewe. Usimutume Ghislain peke yake, atasema "ndiyo, docteur" na kurudi bila kusikia kitu. Ile kinywa yenye inanyamazisha mutoto mukubwa, ipeleke mbele ya munganga. Akisema maneno magumu, mugombeze mpaka aseme na Swahili. Arielle anahitaji muntu wa kuuliza bila haya, na Kikula nzima sijui mwingine kama weye.

Ghislain akikufuata inje, leo usimuambie anyamaze. Usingoje hata nimalize kusoma. Acha redio, Kambo. Nenda ufungue nyumba ya kuku.

Mama Christiane