Tarakimu Nane

3 Machi

Binti yangu Kitinda,

Habari za siku nyingi? Kikohozi kimepoa? Sisi wazima, ila mama yako haongei na majirani tangu yanipate haya. Nimefukuzwa. Miaka ishirini na sita masijala, leo naitwa mchoma mafaili. Jaladani kwangu mna barua ambamo nakiri kuyachoma. Sikuiandika. Utaratibu wetu unaujua: mashine husoma barua nzima, hata nafasi kati ya maneno, hutoa tarakimu nane, nasi husaini daftarini kando ya tarakimu hizo. Saini ni yangu na tarakimu zinalingana. Mkuu wa ofisi anasema muhuri wa mashine, yaani tarakimu hizo, haudanganyi. Namchukia mtu yule hadi chakula hakinipiti kooni. Rufaa yangu ni Mei, na sina la kusema. Najua ni yeye, ila alifanyaje?

Baba yako

17 Machi

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, sasa naugua hasira. Nakala uliyonitumia ya barua ya kukiri ina nafasi mbili baada ya nukta, kwingine moja. Wewe uliyenichapa viboko kwa kuacha nafasi mbili! Ile barua yako ya likizo mwaka jana, nani aliiandaa?

Kumbuka ubao wa siku za kuzaliwa pale ofisini. Mko arobaini. Ukimtafuta aliyezaliwa siku moja nawe, huenda ukamkosa. Ukitafuta wawili wowote wanaolingana, ni nadra kukosa, maana jozi ni nyingi. Ndiyo maana dereva na mpishi hukata keki moja. Kuigiza tarakimu za barua iliyokwisha kusainiwa kungemchukua Mkuu majaribio kama milioni mia. Lakini yeye aliandika zote mbili, ya likizo na ya kukiri. Kila moja akaipa sehemu kumi na nne za kubadili: nafasi moja au mbili, mkato uwepo au usiwepo. Hizo ni nakala elfu kumi na sita kila upande, na jozi zaidi ya milioni mia mbili. Kompyuta ikamtafutia pacha, barua mbili zenye tarakimu zilezile: wewe ukasaini ya likizo, yeye akatia ya kukiri jaladani.

Tueleze, au tulipize?

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Sijambo, nawe? Mama yako anasema tueleze. Mimi nasema mwosha huoshwa. Funguo za masijala bado ninazo, na Mkuu lazima asaini barua ya makabidhiano. Niandalie hiyo, pamoja na pacha wake.

Baba yako

29 Machi

Baba, shikamoo.

Flashi yenye barua zote mbili imo ndani ya bahasha; hesabu ya mashine haina siri, niliipiga kwenye kompyuta yangu. Siku ya rufaa mwache aseme kwanza kwamba muhuri haudanganyi. Usimkatize.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

U mzima? Mimi leo nimekula sahani mbili.

Makabidhiano aliyasaini daftarini akicheka. Leo kwenye rufaa amesema mara tatu kwamba muhuri haudanganyi, nami sikumkatiza. Kisha nikaomba mashine isomeshwe barua yako ya pili: Mimi, Mkuu, nakiri kuchoma mafaili na kumsingizia mtunza masijala. Zikatoka tarakimu zilezile, na daftarini kando yake saini yake.

Nikamuuliza, "Nani mwongo, Mkuu? Wewe au muhuri?"

Jasho lilimtoka hadi nikaliona vizuri, na sitasema nilimwonea huruma.

"Muhuri," akasema.

Mwenyekiti akaliandika neno hilo, akaifuta ile barua ya kukiri kwangu, kisha akauliza ile ya likizo iliandaliwa na nani. Mkuu akaanza kukusanya karatasi zake. Kesho narudi masijala, yeye amesimamishwa.

Alinifuata mlangoni akiomba tuyamalize kiutu uzima. Nilimwambia aende nyumbani akapumzike, barua ya likizo nitamwandalia mimi.

Baba yako