Mama Shigeno na Miti ya Waliojiita Mafundi

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeketi bandani, koleo mkononi, msonobari wa mtu mwingine mbele yako. Daktari alisema hukuteseka. Baba alikuwa amekushikia chungu kisitikisike, kama alivyokishika kila majira ya baridi kwa miaka ishirini na sita, na alidhani umesinzia.

Tunaandika haya gazetini kwa sababu tunajua ni kina nani husoma ukurasa huu. Wale wazee saba wa chama cha bonsai, ile miti midogo ya chunguni, cha hapa Yonezawa huanza na vifo, kisha hali ya hewa. Basi wasome.

Ulikuwa na mikono midogo, Mama, iliyofunzwa na miaka thelathini ya kuunga nyuzi za hariri kiwandani. Kwa mikono hiyo ulizungushia waya wa shaba matawi membamba, ukayapinda kidogo kidogo, hadi msonobari wa chunguni usiofika magotini ukaonekana umepigwa na upepo wa mlimani karne mbili. Ulikuwa ukiimba puani. Ukinyamaza, tulijua kuna mahali panataka kuvunjika. Maganda ya machenza uliyaweka juu ya jiko la mafuta ya taa ili banda linukie, na mpaka leo tukila chenza hakuna anayethubutu kutupa ganda.

Theluji ya kwanza ikianguka, wazee hao walikuwa wakija na miti yao imeviringishwa mablanketi kama wagonjwa. Mazoezi ya majira ya baridi, ndivyo walivyoyaita. Mazoezi ya nini? Ya kunywa sake, pombe ya mchele, ya watu na kubishana upande upi wa mti ni uso na upi ni kisogo. Kila mmoja alifunga waya tawi moja, akajipongeza. Mwenyekiti Onodera alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Hapa pametulia. Si mnaona? Mkono wa fundi haujifichi."

"Haujifichi kweli, Mwenyekiti," ulimjibu, ukamwongezea figili ya kuchacha.

Walipoondoka, uliufungua waya wote na kuanza upya. "Njooni mwone," ulituita, "kaufunga kama mzigo wa kuni. Mti huu ungekuwa na miguu ungeshafika Tokyo." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Asubuhi walirudi, wakauona mti umependeza, na kila mmoja akaamini ni yeye. Watu wazima hao!

Mwezi wa pili miti hiyo ilipewa nishani kwenye maonyesho. Kadi ya mezani huandikwa jina la mwenye mti, si la aliyeutengeneza. Ndiyo desturi, nawe hukuwa na mti hata mmoja. Onodera ana nishani nne sebuleni kwake. Mtu akivikwa kilemba cha ukoka mara nne, huanza kuamini ni hariri. Binti yako Mieko alikuuliza kwa nini unakubali kuonewa hivyo, ukasema, "Mti hausomi kadi, mwanangu." Mti hausomi, Mama. Sisi tunasoma, na iliuma.

Ulipofariki walikuja wote saba, tai nyeusi, nyuso ndefu. Wakafukiza ubani, wakainama, wakala. Kisha wakapita mlango wa nyuma, mmoja mmoja, na kila mtu akatoka bandani na mti wake. Siku arobaini na tisa za matanga zilikuwa hazijatimia na majivu yako yalikuwa bado nyumbani. Onodera alimshika baba bega.

"Pole sana, ndugu Yasuji. Lakini miti hii yataka mtu anayejua. Ninyi mtaiua kabla theluji haijayeyuka."

Ninyi!

Waya hufungwa mti ukiwa umelala kwa baridi, na lazima uondolewe mti ukinenepa, kabla gome halijaumeza. Hilo hata Mieko analijua, yeye ambaye hajawahi kumaliza mwaka ua lake likiwa hai. Wale mafundi waliipanga miti uani kwao, wakaisifu majira yote ya joto, na kufikia mwezi wa kumi shaba ilikuwa imezama ndani ya magome. Onodera akajaribu kuuzungusha waya kinyumenyume badala ya kuukata kipande kwa kipande. Tawi la chini, lenye umri mkubwa kuliko yeye, likakatika mkononi mwake. Mwingine, ambaye hatumtaji kwa ajili ya wajukuu zake, alirudishia tawi lake kwa gundi ya seremala.

Mwezi wa kumi na mbili mablanketi yakarudi mlangoni kwetu. Safari hii hakuna aliyetaja mazoezi.

"Nahoko, mwanangu," Onodera aliniambia, "mama yako, hivi, hakumfundisha mtu?"

Nilitaka kumfungia mlango puani. Baba akanitangulia. "Iwekeni bandani," alisema.

Hatukujua, Mama, hata sisi wanao, kwamba aliyeshika vyungu miaka yote ile alikuwa pia akitazama. Dereva mstaafu wa treni ya kusukuma theluji, mwenye vidole kama mihogo, alikaa kwenye kiti chako wiki tano. Aliukata waya wako kipande kwa kipande. Kila kipande alikitia kwenye kopo la biskuti, na kopo analo chumbani mwake. Hakuvunja hata ncha moja ya tawi.

Walipokuja kuichukua miti, aliwapeleka kwanza sebuleni, mbele ya picha yako. Yeye, ambaye hajawahi kuwaambia zaidi ya "karibuni" na "angalieni barafu".

"Mti ni wako," alimwambia kila mmoja. "Lakini kwanza mwambie mke wangu nani aliutengeneza. Kwa sauti, nami nisikie."

Wengine walicheka, wakadhani ni utani wa mfiwa. Wengine wakakumbuka wana miadi. Mmoja alisema ilikuwa "kazi yetu sote kwa pamoja", na baba akamwonyesha viatu vyake vilipo. Bwana Shishido, muuza tofu, ile jibini ya soya, ndiye aliyepiga magoti na kuvua miwani.

"Mama Nahoko," alisema, "mimi sijawahi kufunga tawi likakaa. Nilijua. Kila asubuhi nikiona waya si wangu, nilijua, nikanyamaza kwa kuwa kusifiwa ni kutamu. Nisamehe."

Baba alimbebea mti mpaka garini, akamfutia theluji kwenye kioo.

Onodera alikuja jana, wa mwisho. Alikaa mbele yako mpaka ubani ukaungua wote. Kwa mara ya kwanza tulimhurumia, maana alikuwa mzee tu anayeogopa. Kisha akasema, "Shemeji, chai yako ilikuwa nzuri sana."

Baba akainuka. "Mti unabaki," alisema.

Wale sita wametuma neno kwamba watatushtaki kwa kuzuia miti sita ya watu. Watushtaki. Hakimu atawauliza miti ya mafundi ilikuwa inatafuta nini kwenye banda la dereva wa treni.

Maonyesho ni Jumapili hii. Kwa mara ya kwanza meza ya chama itakuwa na mti mmoja tu, wa Bwana Shishido. Kadi yake ameshaiandika, alituletea tuione. Ina mistari miwili. Wa kwanza ni jina la mwenye mti. Wa pili ni: Umetengenezwa na Shigeno Numazawa. Chama kimemwambia si desturi. Amewaambia ataishika mwenyewe mkononi, kutwa nzima. Sisi tutasimama naye.

Wanaokukumbuka ni mumeo Yasuji, binti zako Nahoko na Mieko, mkweo Genta, mjukuu wako Sosuke, wenzako wa kiwanda cha hariri, na Bwana Shishido, muuza tofu. Hapo chini ya jina lake tuliacha nafasi sita, mhariri akazifuta kwa kuwa zingechukua mahali pa bure. Anayetaka jina lake liingie mwaka ujao, njia ya sebuleni kwetu anaijua.

Hututoki moyoni, Mama, maisha yetu yote.